Kila Mtu na Kumi Yake

Mara ya kwanza kumsikia Mkunga akipiga kelele nilidhani kuna mtu amejikata. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mimi na mke wangu tukiwa na wiki moja tu pale Buhare, Musoma, hata vyombo vyetu vilikuwa bado kwenye magunia. Sauti ilitoka nyumba ya pili.

"Huyo mtoto ana miezi mitatu! Mitatu! Angalieni shingo ilivyokaza! Nani amekata kitovu?"

Niliruka ua wa minyaa, mke wangu akanifuata. Mlangoni tulikuta watu kama kumi wameketi kwenye mkeka na mabenchi, na mbele yao televisheni. Kando ya televisheni alisimama mama mfupi, miwani yake imefungwa na uzi upande mmoja, ameigandisha picha kwa kidole. Kwenye kioo mama wa Kihindi alikuwa amejifungua dakika hiyo hiyo, nywele zimechanwa, wanja haujachuruzika hata kidogo, amempakata mtoto mnono anayecheka.

"Karibuni," alitwambia, kana kwamba tulikuwa tumealikwa. "Nyinyi ndio majirani wapya. Baba ni mwalimu, sivyo? Unafundishaga nini?"

"Hesabu, mama."

"Mungu ni mwema," alisema, akaiachia filamu iendelee.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeajiriwa.

Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Hospitalini alikuwa Sista, mtaani alikuwa Mkunga, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walikuwa wamepita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mama zao. Alikuwa na desturi ya kutambulisha watu kwa uzito wao wa kuzaliwa. Siku moja alikuja ofisa wa manispaa kukagua vyoo, kijana wa suti, mkali, na Mkunga akamshika bega mbele yetu sote: "Huyu alitoka na kilo mbili na robo. Tulimfunika na pamba. Mtazameni sasa!" Ukaguzi uliishia hapo. Ofisa alikunywa chai, akaangalia filamu mpaka mwisho, akaondoka bila kuona choo.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na shati jipya ukilipata unalivaa hata kama ni kubwa. Katika miaka hiyo Mkunga alikuwa na televisheni, deki, na kanda arobaini na moja za filamu, vyote kwa sababu kaka yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na alimpenda dada yake. Lakini kanda tupu hazikupatikana. Ukitaka filamu mpya, ilikubidi utoe kanda yenye filamu ya zamani, kaka aipeleke kwa fundi mmoja Sirari, mpakani, na fundi arekodi mpya juu yake. Kila filamu iliyoingia nyumba ile ilimfuta mwenzake.

Jambo hili lilimsumbua Mkunga kuliko foleni zote. Kabla sijafika, filamu ya kufutwa ilichaguliwa kwa kelele, na mwenye kelele kuliko wote alikuwa jirani yetu mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Masikio yake yalizoea mashine, kwa hiyo alipoongea, aliongea. Yeye alipenda filamu za mateke. Ndiyo maana mateke yalikuwa yameanza kujaa kabatini, na filamu za mapenzi zilikuwa zinakwisha kama sukari.

"Mwalimu," Mkunga aliniambia wiki ya pili, "nataka kipimo. Kipimo cha haki. Filamu ikifa, ife kwa haki."

Nilifurahi mno. Nilikwenda nyumbani, nikachora jedwali la alama mia moja, lenye mafungu kumi na mawili na mistari ya rangi mbili. Mkunga alilitazama akiwa anapepeta mchele.

"Sema ukweli. Mwanafunzi wako aliyepata sitini na nne na yule wa sitini na tano, ukiwasimamisha hapa, unaweza kunionyesha tofauti yao?"

Niliwaza madaftari yote niliyowahi kusahihisha, nikaona haya. "Hapana, Sista."

"Basi usiniletee namba ambayo huwezi kuionyesha."

Akanieleza wanavyofanya wodini. Mtoto akitoka wanamtazama kwa mambo matano tu: rangi, mapigo ya moyo, anavyopumua, anavyojikunja, anavyolia akiguswa. Kila jambo ni sifuri, moja, au mbili. Wanampima dakika ya kwanza, wanampima tena dakika ya tano, maana wapo wanaotoka wamelegea halafu wakachangamka. "Manesi wawili wasioulizana," alisema, "wanapata jibu moja. Hicho ndicho kipimo."

Basi tukakaa, yeye na mimi na mke wangu, tukaandika maswali matano nyuma ya daftari langu la maandalio. Je, filamu ilitushika mapema? Watu wake ni watu, au ni sanamu? Ilitutoa machozi au kicheko? Mwisho wake tunaukubali? Ungeitazama tena kesho? Kila swali sifuri, moja, au mbili. Filamu inapewa alama ikiisha, na inapewa tena Jumapili inayofuata, kabla ya kuwasha nyingine.

Hiyo alama ya pili ilileta kilio. Filamu moja ya mateke ilipata tisa siku ya kwanza, watu wamesimama juu ya mabenchi. Jumapili iliyofuata Mkunga aliuliza kwa upole ni nani alimlipizia kisasi nani, na kwa sababu gani. Hata jirani wa kiwandani alikuna kichwa. Ikashuka hadi nne.

"Sista, mnaniua!" alisema.

"Sijakuua wewe. Wewe ulitoka na afya."

Lakini yeye pia alikuwa na hoja, na Mkunga alizisikiliza hoja hata za mtu anayepiga kelele. Alitukumbusha kwamba umeme ulikuwa unakatika kila mara katikati ya filamu zake, tukazihukumu nusu nusu. Ilikuwa kweli. Tukaongeza sheria: filamu isiyoisha haipewi alama. Nyingine ikaja: ubovu wa nakala si kosa la filamu. Kama picha inacheza au sauti inazama, hilo ni la fundi wa Sirari.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya yule mtoto wa miezi mitatu. Mkunga aliinyima filamu ile alama zote za swali la pili, kwa hasira. Mimi niliinyima alama nyingine moja kwa sababu bastola ya risasi sita ilikuwa imelia mara kumi na tisa, nilihesabu. Na fundi mitumbwi, mzee mmoja mkimya aliyetoka vijiji vya rasi, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kuamini filamu ambayo mtu anaruka kwenye mtumbwi akisimama mkiani na mtumbwi hautikisiki.

Mke wangu alikuwa anashona. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo filamu ikipita kwa mkunga, kwa mwalimu na kwa fundi, inakufa. Na mtengeneza filamu hakuwa mkunga wala mwalimu wala fundi. Alikuwa anatuambia tu habari za watu waliopendana."

Ndipo Mkunga akatoa sheria niliyoipenda kuliko zote, na ambayo mpaka leo naitumia nikisahihisha insha: mtu asihukumu kwa kazi yake. Uzazi, Mkunga anyamaze. Hesabu, Mwalimu anyamaze. Alihangaika sana kuifuata. Ukitokea uzazi kwenye filamu alikuwa anafunika mdomo kwa kanga, mabega yanatetemeka, macho yanatoka machozi, na sisi tukimtazama yeye badala ya filamu tunacheka mpaka tunakosa kinachoendelea.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Aliyetaka tukae kimya ndiye aliyeongea kuliko wote. Na huyu aliyeshika damu maisha yake yote hakuweza kutazama mtu akifa kwenye filamu. Akisikia muziki unageuka, alinyanyuka kwenda jikoni, na sauti ilitoka huko:

"Amekufa?"

"Bado, Sista!"

"Mniite akishakufa!"

Fundi aliuliza siku moja kama ni haki mtu asiyeona mwisho kutoa alama ya mwisho. Mkunga alifikiri, akakubali kosa, na tangu siku hiyo alama yake ya swali la nne haikuhesabiwa kwenye filamu yoyote yenye msiba. Mwenye nyumba, mwenye deki, mwenye kanda. Alijikata alama mwenyewe.

Kipimo kilipokaa sawa, aliamua kukijaribu kwa wageni. "Kama ni cha haki, kitafanya kazi popote," alisema. Alikuwa na rafiki, nesi mwenzake, Butiama. Tukapakia televisheni na deki kwenye lori la kaka, tumevifunga kwa magodoro, tukaazima jenereta ndogo. Uwanja wa yule nesi ulijaa. Kwa wasioandika tulileta maharage na makopo matano, kila swali kopo lake, na kila mtu anadondosha harage moja, au mawili, au anapita tu.

Tulionyesha filamu tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa ya kawaida. Ya tatu deki iliitafuna, tukaona dakika ishirini za michirizi, na bado Mkunga akasema, hebu tuone. Zote tatu zilipata kumi kamili. Makopo yalifurika. Wengine waliongeza harage la tatu.

Mkunga alimwuliza mzee mmoja wa mbele: "Baba, na hii ya michirizi pia uliipenda?"

Mzee alishangaa swali. "Mama, umetoka Musoma na mzigo wote huo, umekuja kutuonyesha, halafu tukupe sita? Sisi tutakuwa watu gani?"

Mkunga alicheka kutoka pale mpaka Kiabakari, ambako lori lilipasua tairi, akaendelea kucheka tukila mihogo ya kuchoma kando ya barabara. "Adabu imetushinda, Mwalimu. Hesabu yote imeharibiwa na adabu." Kuanzia Jumapili iliyofuata tulipiga kura nyuma ya pazia, karatasi ndani ya kopo, bila jina.

Na hapo ndipo tulipokosea, yaani mimi ndiye niliyekosea.

Kulikuwa na filamu moja isiyo na rangi, ya nchi ya theluji, lugha hata hatukuitambua. Mzee mmoja anampoteza ng'ombe wake, anatembea kumtafuta. Ndiyo hiyo filamu nzima. Anatembea. Jirani wa kiwandani alilala, mke wangu alimaliza kola mbili. Tulipofungua kopo, karatasi sita zilikuwa na alama moja au mbili, na karatasi ya saba ilikuwa na kumi.

"Mtu amekosea kuandika," nilisema. Nikaeleza kwa madaha ya mwalimu kwamba katika hesabu za haki unaondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, ili mtu mmoja asivuruge za wengi. Nikaitupa ile kumi, na karatasi moja yenye alama moja. Ikabaki moja nukta sita, ya mwisho katika kabati lote. Kanda ikaenda Sirari, ikarudi na filamu ya magari yanayokimbizana.

Jumapili mbili baadaye fundi mitumbwi alikuja mapema kuliko wote, amevaa shati la kanisani, ameshika kofia.

"Sista," alisema, "ile ya ng'ombe. Leo tunaweza kuirudia?"

Mkunga ndiye aliyepata nguvu ya kumwambia kwamba imefutwa. Fundi aliitika kwa kichwa, akatabasamu kidogo. "Haya. Ni kanda tu." Akakaa, akaangalia magari mpaka mwisho, akatushukuru, akaondoka. Hakuja Jumapili iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu.

"Mwalimu," Mkunga aliniambia, "vaa viatu."

Tulimkuta kando ya ziwa, anaziba nyufa za mtumbwi kwa nyuzi za pamba. Mkunga hakuzunguka.

"Fundi, tumekukosea. Tumeifuta filamu yako. Na kumi yako tuliitupa."

"Mimi ndiye niliyeitupa," nilisema.

Aliacha kugonga. "Kumi yangu mliitupa? Kumbe. Uliposema mtu amekosea kuandika, nilidhani ni mimi kweli, maana shule sikuendaga sana."

Nilitamani ziwa linimeze. Mkunga akaketi juu ya ubao, pale pale kwenye vumbi la mbao. "Niambie uliona nini mle ndani. Mimi nililala."

Fundi alifuta mikono. "Kuna mahali yule mzee anasimama. Hamwoni ng'ombe, haoni kitu, anasikiliza tu kengele. Mimi na kaka yangu tulimtafutaga ng'ombe hivyo, siku nne, hata kuongea hatuongei. Kaka yangu ameshafariki. Sasa yule mzee akisimama kusikiliza, mimi naona niko na kaka."

Mkunga alivua miwani. Hakwenda jikoni, hapakuwa na jiko la kukimbilia. Alikaa akalia mbele yetu, halafu akajifuta, akasema, "Nakwenda Sirari."

Alikwenda kweli, kwenye lori, siku mbili za likizo yake. Fundi wa kurekodi hakuwa na kumbukumbu yoyote ya theluji, lakini alimwapia kwamba filamu ya ng'ombe anayo. Mkunga alirudi na kanda imeandikwa kwa wino mwekundu, NG'OMBE, akamtumia fundi mitumbwi ujumbe, akatuita wote, akapika chapati.

Ilikuwa filamu ya kufundisha wafugaji kukamua maziwa kwa usafi. Bwana mmoja wa koti jeupe alinawa mikono kwa dakika tano.

Hakuna aliyethubutu kumtazama fundi. Kisha tukasikia sauti kama ya mtumbwi unaosuguliwa, tukageuka: fundi anacheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Mkunga akaanguka naye. Na baada ya hapo, sijui niseme nini, tuliitazama yote. Sisi ni watu wa Mara. Hata aliyezaliwa mjini ana ng'ombe mahali fulani. Jirani wa kiwandani alisimama kuonyesha kidole: "Huyo mwekundu mwenye baka! Huyo ana kiwele!" Mke wangu alimpenda mweusi. Ubishi ulikuwa mkali. Kura zilipohesabiwa, bila kutupa hata moja, filamu ya maziwa ilipata saba nukta moja, ikazipita filamu nyingi za mateke.

Jioni ile ile Mkunga alitangaza sheria ya mwisho. Filamu iliyopewa kumi na mtu yeyote, hata mmoja, haifutwi. Jirani wa kiwandani alichangamka, akasema basi yeye anazipa kumi filamu zote za mateke.

"Subiri," Mkunga alisema. "Kumi ni moja. Kila mtu ana kumi moja tu. Ukitaka kuipa filamu nyingine, unainyang'anya ile ya kwanza, na unakuja kuniambia mwenyewe."

Hamwezi kujua jinsi sheria hiyo ilivyotubadilisha. Watu wazima walitembea na kumi yao kama wamebeba yai. Mke wangu aliniamsha alfajiri moja kuniuliza kama ni dhambi kuhamisha. Jirani wa kiwandani alihamisha mara tano mwezi wa kwanza, akakonda, kisha akaiweka kwenye filamu ya mjane na cherehani yake, akakataa kabisa kueleza kwa nini. Hakuna aliyemlazimisha. Fundi aliiweka yake kwa ng'ombe wa maziwa. Alisema si ile, lakini alicheka humo, na kicheko nacho kina haki yake.

Halafu miaka ya ruksa ikaja, ikaja kwa kasi. Ghafla kanda tupu zilijaa madukani, zimepangwa kama matofali, na sabuni za kila rangi, na deki zikaingia nyumba moja baada ya nyingine. Filamu haikuhitaji tena kumfuta mwenzake. Jumapili tulianza kuwa wanane, kisha watano. Mkunga hakulalamika. Aliendelea kuandika alama mwenyewe kwenye daftari langu, kwa unyofu ule ule, mpaka alipostaafu, akagawa kanda zake kwa aliyetaka, akauza televisheni, akaenda kulima Guta.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nasimamia mitihani Bunda, nikaazima baiskeli, nikamfuata. Nyumba yake haikuwa na umeme. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amezungukwa na wanawake wanane au tisa wanaomenya mihogo, na yeye amesimama katikati na kisu mkononi, miwani mipya, anasimulia. Alinionyesha kwa kisu mahali pa kukaa, hakukatiza.

Ilikuwa filamu ya ndugu wawili waliopotezana sokoni wakiwa wadogo. Naijua, niliitazama nyumbani kwake si chini ya mara nne. Mmoja anakuwa polisi, mwingine jambazi, wanakutana mahakamani. Lakini Mkunga alikuwa amewapandisha kwenye treni. Akaingiza bibi mmoja kipofu kutoka filamu nyingine kabisa, na mapigano juu ya behewa, na akatoa sauti ya magurudumu, na wanawake wameacha kumenya.

"Sista," nilisema, "hapa treni haikuwepo. Walikutana mahakamani."

Wanawake wote walinigeukia kwa pamoja.

"Huyu baba ni nani?" mmoja aliuliza.

"Ni mwalimu," Mkunga alisema. "Msameheni." Akaendelea. Yule polisi akatambaa juu ya behewa, upepo unampiga, akamfikia jambazi, akainua bunduki, na bibi kipofu, aliyekuwa dirishani chini yao, akasikia kikohozi cha mmoja wao, akakitambua. Hapo Mkunga akanyamaza. Akachukua muhogo, akaanza kuumenya taratibu, ganda refu lisilokatika, kana kwamba hana la kuongeza.

Kuku walipita katikati yetu. Nilijua mwisho wa filamu ile kama ninavyojua jedwali la saba, na nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kuliko zote:

"Halafu ikawaje?"